Mtoto Ameingia Sekondari: Achague Mchezo au Klabu Gani Ili Apate Marafiki?



Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wengi wa Kakuma na Kalobeyei huingia shule ya sekondari kwa mara ya kwanza. Wengine wametoka katika shule za msingi za hapa hapa kambini. Wengine wamefika juzi kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini, Somalia au Ethiopia, na bado wanajifunza njia ya kutoka nyumbani hadi bombani. Mzazi hushughulikia sare, madaftari na kalamu. Hayo ni ya lazima. Lakini liko jambo moja ambalo halimo katika orodha ya mahitaji ya shule, nalo mara nyingi ndilo huamua kama mtoto ataendelea kwenda darasani au ataacha. Jambo hilo ni hili: je, ana rafiki?

Katika ukurasa huu tutaeleza jinsi michezo na klabu za shule zinavyomsaidia mwanafunzi mgeni kupata marafiki, na jinsi ya kuchagua inayomfaa. Maelezo haya ni kwa mwanafunzi wa Gredi ya 10 chini ya mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia sekondari ya juu mwezi Januari 2026, na pia kwa aliye katika vidato vya mfumo wa 8-4-4. Kwa habari ya urafiki, mitaala yote ni sawa.

KWA NINI RAFIKI NI JAMBO LA SHULE?

Wazazi wengine husema: "Nimempeleka shule asome, sikumpeleka akatafute marafiki." Tunaelewa neno hilo. Tulipoteza mengi njiani, na elimu ndiyo mali ambayo hakuna atakayeweza kutunyang'anya. Hata hivyo, tuangalie darasa lenyewe lilivyo.

Madarasa ya sekondari hapa kambini yana wanafunzi wengi. Katika majuma ya kwanza mwalimu hawezi kumjua kila mmoja kwa jina. Kitabu kimoja husomwa na watu kadhaa. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma kwao kwa Kifaransa, Kirundi au Kiarabu hukosa nusu ya maneno. Mwenye rafiki humgeukia jirani yake akauliza: "Amesema nini?" Asiye na rafiki hunyamaza. Akiugua siku mbili, hana wa kumwazima daftari anakili yaliyofundishwa. Saa ya kurudi nyumbani ikifika, anavuka laga peke yake.

Kidogo kidogo mtoto huyo huanza kuumwa kichwa kila Jumatatu. Baadaye husema, "Shule imenishinda." Mzazi hudhani hesabu ndiyo iliyomshinda. Katika kazi yetu ya kutembelea bloku, mara nyingi tukikaa na kijana tukazungumza taratibu, tunagundua kwamba hesabu haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kwa muhula mzima hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Tena tukumbuke kwamba kijana wa umri huu atatafuta kundi tu. Asipolipata ndani ya uwanja wa shule, atalipata kwenye kona, na kundi la kona lina masharti yake.

URAFIKI HUJENGWAJE?

Watu husema kwamba watoto wakikutana watazoeana wenyewe. Hiyo ni kweli kwa watoto wadogo. Kwa kijana wa miaka 15 au 17 mambo ni tofauti kidogo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, na tunaweza kujifunza kwao mambo mawili.

La kwanza ni muda. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu watu wazima waliohamia mahali papya na wanafunzi waliokuwa wameanza chuo kikuu. Aliona kwamba watu wawili huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili watoke katika kufahamiana tu na kuanza urafiki wa kawaida. Huhitaji takriban saa 90 ili waitane rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa hizo ni za kukaa, kucheza na kuzungumza. Saa za kufanya kazi sehemu moja hazikuwa na nguvu sawa.

Tupige hesabu. Klabu inayokutana saa 2 kwa juma, katika muhula wa majuma 12 au 13, hutoa kama saa 25. Kwa hiyo mwanafunzi anayehudhuria klabu hiyo peke yake atahitaji mihula miwili kufikia saa 50. Timu inayofanya mazoezi siku 3 kwa juma, saa moja na nusu kila siku, hutoa saa 4 na nusu kwa juma. Hiyo hufikisha saa 50 katika majuma 11 hivi. Na kama wawili wanaishi upande mmoja na wanarudi pamoja kwa miguu, muda wa njiani nao unaingia katika hesabu. Kwa hiyo mtoto akisema baada ya majuma mawili, "Nimejiunga na klabu lakini sina rafiki bado," msimwambie kwamba ameshindwa. Mwambieni kwamba saa zake hazijatimia.

La pili ni namna ya kuwa pamoja. Mwaka 1954 mtaalamu aitwaye Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, wakawapeleka kambi ya likizo mahali paitwapo Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Waliwagawa katika makundi mawili. Walipowashindanisha makundi kwa makundi ili washindi wapewe zawadi, wavulana walianza kutukanana, kuchomeana bendera na kuvamiana vibandani. Wataalamu wakawakutanisha wale chakula pamoja na watazame sinema pamoja. Haikusaidia, walitupiana chakula. Ndipo wakawapa shida ambazo kundi moja halikuweza kuzitatua. Maji ya kambi yalikatika ikabidi wote watafute hitilafu. Gari la kwenda kuleta chakula lilikataa kuwaka ikabidi wote walivute kwa kamba. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo uadui ulipungua, na wengine wakawa marafiki.

Mwaka huo huo wa 1954 mtaalamu mwingine wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kitabu kuhusu chuki kati ya makundi ya watu. Alieleza kwamba kukutana huondoa chuki pale ambapo watu wanakutana kwa usawa, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na wakubwa wanaunga mkono jambo hilo.

Sisi wa kambini hatuhitaji kwenda Oklahoma ili tuamini. Tunajua kwamba kupanga foleni pamoja ya maji hakuleti urafiki. Wakati mwingine huleta ugomvi. Lakini wanaojenga pamoja nyumba ya mjane wa bloku hutoka hapo wakijuana kwa majina. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo shughuli inayoleta marafiki ina alama nne:

1. Hukutana mara kwa mara, siku zile zile, watu wale wale.
2. Ina kundi dogo, au imegawanywa katika makundi madogo, kiasi kwamba asipofika mtu atajulikana.
3. Ina kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila mwenzake.
4. Ina mwalimu au kiongozi anayetenda haki kwa mataifa na makabila yote.

Kumbukeni alama hizi nne. Ndizo tutakazotumia kupima shughuli zifuatazo.

SHUGHULI ZILIZO KATIKA SHULE, NA KINACHOPATIKANA KATIKA KILA MOJA

Si kila shule ina shughuli zote hizi. Ulizeni shuleni kwenu. Mashindano ya shule za Kenya huwa na majira yake. Kwa kawaida mpira wa vikapu, mpira wa mikono na magongo huwa muhula wa kwanza. Soka, voliboli na netiboli huwa muhula wa pili. Tamasha la maigizo huandaliwa muhula wa kwanza na la muziki muhula wa pili. Anayetaka kuingia ajiandikishe mwanzoni mwa muhula unaohusika, si mwishoni wakati timu imekwisha chaguliwa.

Soka. Huu ndio mchezo unaopendwa kuliko yote, na lugha yake inajulikana na kila mtu. Awer Mabil, aliyezaliwa hapa Kakuma mwaka 1995, alianza kucheza mpira hapa hapa kambini kabla ya kuhamia Australia, na mwaka 2022 alikuwa katika timu ya Australia kwenye Kombe la Dunia Qatar. Lakini ubaya wa soka ni huo huo umaarufu wake. Vijana 80 hufika uwanjani na 11 ndio huchaguliwa. Mgeni ambaye si hodari hukaa pembeni akitazama, na kutazama si kucheza. Kama mtoto hajachaguliwa katika timu ya shule, atafute timu ya darasa, au aombe kazi ya kutunza mipira au ya ushika kibendera. Aliye na kazi katika timu ni mwanatimu.

Voliboli, mpira wa vikapu, netiboli na mpira wa mikono. Timu ni ndogo na kila mmoja huguswa na mpira mara nyingi. Wanafunzi wengi huanza michezo hii wakiwa hawaijui, kwa hiyo mgeni hachekwi sana. Kwa alama zetu nne, hii hupata alama nzuri kuliko soka.

Riadha. Mwaka 2016 huko Rio, Timu ya Wakimbizi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza ikiwa na wanamichezo 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliokuwa wameishi Kakuma. Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu hiyo na kukimbia mita 800, alikuwa mmoja wao. Ni fahari yetu. Ila mkimbiaji hukimbia peke yake. Anayetafuta marafiki achague mbio za kupokezana vijiti, au mazoezi ya kundi.

Maigizo, kwaya na ngoma. Hapa ndipo mgeni wa lugha hupata faida kubwa. Anakariri maneno ya Kiingereza au Kiswahili na kuyasema mara 50 kabla ya siku ya onyesho. Anarekebishwa matamshi bila kuaibishwa, kwa kuwa wote wanarekebishwa. Tena mchezo wa kuigiza haukamiliki kama mmoja hayupo. Mtoto mwenye haya asidhani hafai: wapo wanaoshona mavazi, wanaopiga ngoma na wanaomkumbusha mwenzao maneno aliyosahau.

Mdahalo na klabu ya uandishi wa habari. Zinamfaa anayependa kusoma na kubishana. Kwa asiyejua Kiingereza vizuri ni ngumu mwanzoni, lakini shule nyingine huwa na mdahalo wa Kiswahili pia. Hapo mtoto wa Kongo au Burundi ana cha kumpa mwenzake wa Somalia au Sudan Kusini. Mimi mwenyewe nilisoma sekondari hapa nikiwa nimetoka Kivu, na niliona jinsi Kiswahili changu, ambacho wenzangu walicheka lafudhi yake, kilivyoanza kutafutwa mitihani ilipokaribia. Nilimweleza mwenzangu ngeli, naye akanieleza fizikia.

Skauti na Girl Guides. Uskauti ulianza Uingereza mwaka 1907, na mwanzilishi wake, Baden-Powell, alizikwa Nyeri hapa Kenya mwaka 1941. Wanafunzi hugawanywa katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake na kazi zake. Ndiyo sababu unafaa sana kwa mgeni: siku ya kwanza tu anajua yuko kikosi gani. Wazazi wengine huogopa wakiona vijana wakipiga gwaride, hasa sisi tuliokimbia watu wenye sare. Hofu hiyo ina sababu, lakini skauti si jeshi na hawashiki silaha. Mzazi mwenye wasiwasi aende akatazame mkutano mmoja.

Klabu za huduma ya kwanza, amani na mazingira. Hizi hufanya kazi inayoonekana: kupanda miti na kuimwagilia, kufunga kidonda, kupatanisha wanaogombana. Zina lengo moja na ushirikiano. Waulizeni tu kama hukutana kweli, maana klabu nyingine ipo kwenye karatasi, hukutana siku mgeni wa shirika anapokuja.

Chesi, drafti na bao. Mchezo wa watu wawili unafaa sana kwa mwenye haya, kwa sababu hauhitaji maneno mengi. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, pamoja na UNHCR walianzisha hapa Kakuma mradi wa kufundisha chesi kwa wakimbizi, wakiwemo wasichana wa shule. Ubao wa drafti mtajichorea wenyewe kwa mkaa juu ya boksi, na vizibo vya soda vikawa kete.

MASWALI SITA KABLA YA KUCHAGUA

Mzazi na mwanafunzi wakae pamoja jioni moja wajiulize:

1. Je, mtoto mwenyewe anapenda nini? Asichaguliwe na mzazi wala na kaka yake. Aliyelazimishwa atahudhuria kwa mwili tu.

2. Je, inakutana siku gani na inaisha saa ngapi? Akimaliza saa kumi na moja na nusu na nyumba iko mbali, atafika giza limeingia. Hilo litafutiwe jibu kwanza.

3. Je, kuna nafasi ya anayeanza? Ulizeni hivi: "Mwaka jana mlipokea wangapi ambao hawakuwa wakijua?"

4. Je, inataka pesa? Viatu, nauli ya boda boda, fulana? Kama ipo gharama msiyoiweza, mwambieni mwalimu kabla mtoto hajajificha kwa aibu.

5. Je, imechanganyika? Kama wote ni wa taifa moja, mtoto atapata wenzake wa lugha, lakini hatapata wengine.

6. Je, ataweza kuendelea mihula miwili? Mnakumbuka hesabu ya saa 50.

Ushauri wetu ni kuchagua mambo mawili tu: moja la kutumia mwili na moja la kukaa. Anayejiandikisha katika klabu tano hujulikana kwa sura katika zote na kwa jina hata katika moja.

JE, ACHEZE NA WATU WA KWAO AU NA WENGINE?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nasi tutalijibu kwa sauti ya kawaida. Wapo wazazi ambao ndugu zao waliuawa na watu wa kabila fulani, na leo mtoto wa kabila hilo anakaa dawati moja na mtoto wao. Hatuwezi kumwambia mzazi huyo asahau.

Tunachosema ni hiki. Mgeni anahitaji wote wawili. Rafiki wa lugha yake humpa pumziko. Kwake hahitaji kutafuta maneno. Rafiki wa taifa lingine, pamoja na Mturkana ambaye ni mwenyeji wetu, humfungulia sehemu nyingine ya shule na ya maisha. Mtoto aanze na aliye karibu, halafu klabu imlete kwa wengine. Na kwa walimu na makocha tunasema: msipange mechi taifa kwa taifa. Wale wavulana wa Oklahoma wametuonyesha mwisho wake. Changanyeni majina, kisha mgawe timu.

WASICHANA JE?

Msichana akitoka shule husubiriwa na maji, kuni, kupika na wadogo zake. Kaka yake yuko uwanjani. Matokeo yake ni kwamba msichana anaingia sekondari na kumaliza bila kushiriki hata klabu moja, na akipata shida hana wa kumwambia.

Hatusemi kazi za nyumbani ziachwe. Tunasema zigawanywe. Mvulana anaweza kubeba jerikeni siku mbili kwa juma, na mikono yake haitakatika. Siku hizo mbili ndizo za dada yake. Ikiwa familia haipendi msichana acheze mbele ya wavulana, au avae kaptura, ziko njia: netiboli na voliboli za wasichana peke yao, suruali ndefu na hijabu, au klabu za ndani. Ongeeni na mwalimu wa kike. Na siku za hedhi zisimtoe katika klabu. Asiyeweza kucheza anaweza kuhesabu pointi na kubaki na wenzake.

Kuhusu njia ya kurudi nyumbani, wasichana wa bloku za jirani wajiunge na shughuli moja ili warudi pamoja. Hii ni sababu nzuri kabisa ya kuchagua klabu, hata kuliko kuipenda.

NJAA, KAZI NA UMRI

Mgao wa chakula ulipunguzwa sana mwaka 2025, na wote tulihisi. Mtoto aliyekula kidogo asilazimishwe kukimbia jua likiwa kali. Achague shughuli ya kukaa, au mazoezi ya asubuhi mapema Jumamosi. Makocha nao wasimwadhibu anayechoka kwa kumwongezea mizunguko. Wamwulize kwanza amekula lini.

Kwa vijana wanaoishi peke yao bila wazazi, na wanaofanya vibarua baada ya masomo: klabu za mchana au za Ijumaa zinaweza kuwafaa. Mweleze mwalimu hali yako. Hakuna aibu katika kutafuta chakula.

Kwa walio na umri mkubwa, mwenye miaka 20 au 22 aliyekaa darasani na wa miaka 15 kwa sababu vita vilimkatia masomo: usijitenge. Omba kazi ya unahodha, ya kufundisha wadogo au ya uamuzi. Umri unaokutia haya darasani ni faida uwanjani.

Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu: ana haki ya kushiriki kama wengine. Mzazi asimfiche, na mwalimu asimwambie akatazame tu. Kwaya, mdahalo, chesi na uandishi wa habari viko wazi, na mingine inaweza kurekebishwa kidogo ili awemo.

USALAMA NA HAKI ZENU

Someni sehemu hii kwa makini.

- Nafasi katika timu au klabu hainunuliwi. Kocha, mwalimu, mfanyakazi wa shirika au mwanafunzi akidai pesa, zawadi au mapenzi ili mtoto achaguliwe, huo ni uovu na unaadhibiwa. Toeni taarifa kwa ofisi ya ulinzi wa watoto, kwa dawati la malalamiko au kwa polisi. Si kosa la mtoto, na asiambiwe ni kosa lake.

- Mtoto asikutane na kocha peke yake nyumbani kwake au mahali pa siri.

- Timu ikisafiri nje ya kambi, wanafunzi wakimbizi huhitaji kibali cha kusafiri. Ulizeni mapema nani anakishughulikia, nani atafuatana nao na watalala wapi. Msichana asisafiri na timu isiyo na mwalimu wa kike.

- Anayealikwa "mazoezi" na watu wasiojulikana na shule, au kuahidiwa kupelekwa kucheza nchi nyingine, aseme nyumbani siku hiyo hiyo. Wako wanaotumia mpira kuwaiba vijana.

MWANAFUNZI, UFANYE NINI KUANZIA SASA?

Juma la kwanza: tembea utazame klabu tatu. Usijiandikishe bado. Tazama kama wanacheka pamoja, na kama wapya wanapewa nafasi.

Juma la pili: chagua mbili. Nenda kwa mwalimu msimamizi na useme jina lako, darasa lako na kwamba unaanza. Inatosha.

Juma la tatu na la nne: fika mapema kidogo na uchelewe kidogo kuondoka. Watu hawafahamiani sana mpira ukiwa unachezwa. Hufahamiana wanapofunga nyavu na kukusanya koni. Jifunze majina matatu kila siku na uyatamke vizuri. Mwite mtu kwa jina lake naye atakuuliza lako.

Juma la tano hadi la nane: omba kazi ndogo. Beba maji, andika majina, tunza ubao. Mwalike mmoja mrudi pamoja, au mfanye pamoja kazi ya hesabu. Usingoje aanze yeye. Huenda naye ni mgeni.

Baada ya juma la nane: jipime. Kama kuna mmoja anayekuuliza "Jana ulikuwa wapi?" usipofika, umefaulu. Kama hakuna, zungumza na mwalimu au mfanyakazi wa jamii wa bloku yenu, na ubadilishe shughuli moja. Kubadilisha klabu si kushindwa. Kuacha shule ndiko tunakotaka kukuzuia.

Na ninyi wanafunzi wenyeji wa klabu, msidhani ukurasa huu hauwahusu. Mgeni hawezi kuingia kwenye duara lililofungwa. Mkimwona amesimama kwenye mti kwa siku ya pili, mmoja wenu aende amwite. Hakuna gharama.

Wazazi wenye maswali wanaweza kuja katika vituo vya jamii siku za kazi, au kumwuliza mwenyekiti wa bloku awaonyeshe mfanyakazi wa jamii wa sehemu yao. Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Ukimaliza kusoma, usiitupe karatasi hii. Mpe mwenye mtoto anayeingia sekondari.

Tushirikiane ili asiwepo mtoto anayemaliza muhula bila kuitwa kwa jina.

Mfanyakazi wa Jamii, Kakuma